Redio ya Mayi Ilibadilishwa na Beseni

Nalianya alikuwa na mama mmoja, aliyemwita Mayi, na mama alikuwa na redio moja. Kila jioni saa moja, kwa nyumba yao ya kupanga mtaani Noonkopir, Mayi alivuta antena, akatafuta AM polepole mpaka stesheni moja ya mbali, ng'ambo ya mpaka wa Malaba, ikaingia. Kaka yake Wanyama aliishi huko. Mzee alikataa simu katakata, na kwake hakuna mtu alikuwa na namba ya Mayi au Nalianya. Lakini kila Ijumaa alituma kadi ya salamu. Jina likisomwa, Mayi anajua kaka yuko hai.

Sasa mwezi wa tano, Ijumaa, redio ikaanza kukaanga. Shhhh! Jumamosi, shhhh. Jumapili, hivyo hivyo.

"Mayi, hii kitu imekufa. Zima, kichwa inaniuma."

"Wacha tu, papa," Mayi akamwambia mwanawe. "Itarudi."

"Itarudi kutoka wapi? Kwani ilienda likizo?"

Jumatatu Nalianya alikuwa off. Mtu wa skrepa akapita na mkokoteni, akiita watu walete vitu kuukuu wabadilishiwe na beseni. Mayi alikuwa anaoga. Nalianya akatoa redio, akapewa beseni ya kijani, na akafurahi kabisa!

Mchana, akiwa kwa simu, akaona habari. Jua lilikuwa limetupa dhoruba kubwa. Mawimbi ya AM usiku hugonga juu angani ndio yafike mbali, na huko juu kulikuwa kumevurugika siku tatu. Sasa kumetulia.

Kumbe redio ilikuwa nzima!

Alikimbia mpaka yadi ya skrepa. Akakuta ganda tupu, shaba imeng'olewa.

"Umechelewa, bosi," jamaa akacheka. "Ama beseni inavuja?"

Akanunua redio mpya. FM peke yake. Mayi akasema asante, akaiweka kwa kabati, hakuiwasha.

Ijumaa, mwenye ploti, Tajeu, akasikia hiyo stori. Pikap yake ya zamani ilikuwa inashika AM.

"Sopa, yeiyo!" akamsalimu Mayi kwa Kimaasai, akimwita mama. "Panda mbele."

Wakabanana watatu. Saa moja stesheni ikaingia safi, ni kama mtangazaji yuko nje ya geti.

"Familia ya marehemu mzee Wanyama inashukuru wote waliofika kumzika jana. Dada yake aliye Kenya hakuonekana, ingawa tulimtangaza kila jioni tangu Jumatatu."

Nalianya akanyoosha mkono kwa swichi. Mayi akaushika.

"Usizime, papa. Umeshazima ya kutosha."

Wakakaa hapo, wakisikiliza salamu za watu wengine.