Kikingio cha Jambia la Babu

Mama Chilufya aliomba aone picha kwanza, jambia baadaye. Clotilde aliitoa kwa shingo upande, kwa maana picha ile ndiyo iliyomtia matatani.

Ilikuwa picha ya rangi, ya harusi ya Anaclet, mdogo wake. Marehemu baba yao alisimama katikati, ameshika jambia ambalo baba yake mwenyewe, sajenti wa Force Publique, jeshi la Kongo la enzi za Wabelgiji, alilitoa Abisinia katika vita na Waitaliano. Kichwa cha mpini kiling'aa cheupe. Kikingio, kile kipande kinachokaa kati ya mpini na bapa ili mkono usiteleze, kiling'aa cheupe vilevile. Lakini jambia lililokuwa sasa juu ya meza ya Mama Chilufya lilikuwa na kikingio cha njano.

Anaclet aligundua tofauti hiyo wiki moja nyuma, alipokuja kutoka Kolwezi kumaliza matanga. Hakumwuliza dada yake neno. Aliita kikao cha familia, akasema mbele ya mashangazi wote kwamba Clotilde, aliyeishi na mzee miaka tisa katika nyumba ya mtaa wa Naviundu, ameliuza jambia la kweli kwa watu wanaokusanya silaha za zamani, akaweka la bandia. Mwizi hawezi kubaki na nyumba ya marehemu, alisema. Kufuli jipya alikuwa ameshalinunua, liko ndani ya gari. Baba mkubwa Kangwa, aliyekuwa anasikiliza kwa simu kutoka Kasenga, ndiye aliyewazuia. Waende kwanza kwa mtu anayejua vyuma.

Mama Chilufya alivijua. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili katika maabara ya mgodi, na tangu astaafu watu walimletea medali, pete na visu vya askari awaambie kipi ni cha asili na kipi kimeungwa. Alipitisha sumaku yake polepole. Bapa liliinasa. Kikingio hakikuinasa. Akasema kikingio kile ni shaba ya njano, na kichwa cha mpini, kwa juu, ni nikeli. Kwa macho tu, vitu hivyo viwili havionekani kama vilitoka pamoja.

Anaclet akasimama, akaanza kutafuta namba ya baba mkubwa kwenye simu.

"Kaa kwanza, mutoto yangu," Mama Chilufya akamwambia. "Siyamaliza."

Alitaka kukifungua kichwa cha mpini ili akitoe kikingio na kukiona kwa ndani. Anaclet akakataa, akidai kwamba huko ni kuharibu ushahidi. Wote wawili wakamgeukia Clotilde.

Hakuwa ameuza kitu. Lakini alijua alichokifanya, na alijua kwamba yule mama, akishafungua, atakiona.

"Fungua, mama," alisema.

Kichwa kilikuwa kimekaza. Mama Chilufya akadondosha mafuta kwenye kiungo, wakakaa kusubiri yaingie. Anaclet alitazama saa yake, akatazama ukuta, kila mahali isipokuwa uso wa dada yake. Robo saa ilipita, kisha kichwa kikalia kidogo na kuzunguka. Mpini ukachomoka, kikingio nacho kikafuata.

Yule mama alikwenda nacho mlangoni penye mwanga, akakitazama kwa kioo cha kukuzia, akakigeuza, akakitazama tena. Hatimaye aliwaita. Sehemu iliyokuwa imefunikwa na mpini ilikuwa nyeupe, ukingo wake ukifuata sawasawa umbo la mpini. Pembeni palikuwa pamegongwa namba 47. Ndani ya kichwa cha mpini palikuwa na 47 ileile. Fundi wa kiwandani alizigonga ili vipande visipotezane.

"Kisu iko ile ile," alisema. "Hakuna muntu alibadirisha kitu. Nikeli njo ilitoka, shaba ya chini ikabakia."

Clotilde hakupata hata nafasi ya kuvuta pumzi.

"Lakini haikutoka yenyewe. Hii mikwaruzo yote inaenda upande moja. Kuko muntu alisugua hapa na msasa, siku mingi. Ni nani?"

Clotilde angeweza kusema ni baba. Marehemu hapingi. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi njo nilisugua."

Akaeleza. Macho ya mzee yalipokwisha, alizoea kulipapasa jambia kila jioni. Nikeli ya kikingio ilikuwa imeanza kuvimba na kumenyuka, ikimchoma kidole, naye alihuzunika akiuliza nani ameumiza kisu cha baba yake. Basi Clotilde alikuwa akikisugua kikingio mzee akilala, hadi kikawa laini. Hakujua anatoa nini.

Mama Chilufya hakumfichia. Mkusanyaji yeyote atasema kikingio kimeharibiwa, na kukipaka nikeli mpya itakuwa kudanganya.

Anaclet alimpigia baba mkubwa. Kwa sauti ndogo alisema jambia ni lenyewe, hakuna wizi. Mzee Kangwa aliamua palepale: Clotilde abaki na nyumba, jambia liende kwake Kasenga. Hilo la pili lilimwuma Clotilde, ila hakubisha.

Walirudi pamoja kwa gari hadi karibu na Naviundu.

"Yaya, ungeniambia," Anaclet alisema.

"Hukuniuliza. Uliniita mwizi kwanza, mbele ya bashangazi. Na kule kwao njo utaenda kulitosha lile neno, kulifuta."

Anaclet alikwenda kwa mashangazi, Jumapili iliyofuata, nyumba moja baada ya nyingine. Wawili walimwelewa. Shangazi wa tatu aliendelea kusema, hadi mwaka ukaisha, kwamba hakuna shaba inayogeuka nyeupe.