Mguu wa Msalaba

Msalaba wa kwanza wa Dorkasi uliliwa na mchwa kabla nyasi hazijashika vizuri kaburini. Ulikuwa wa paini, na aliyeuchonga ni mumewe mwenyewe, Fanueli, seremala ambaye nusu ya milango ya Mlalo imepita mikononi mwake. Aibu hiyo haikumtoka. Enzi zake alijengea mkulo, mti unaonukia na usioguswa na mdudu, lakini siku hizi mkulo haukatwi, na yeye si mtu wa kuiba msituni.

Basi binti yake Esteria, mtafiti wa mbao huko Morogoro, akaja na vigingi viwili vya paini. Kimoja kilinuka siki.

"Shikamoo baba. Hiki kimepikwa kwenye dawa, kimebadilika hadi ndani. Hakinywi maji, na mchwa hawakioni kuwa chakula. Hicho kingine hakina dawa, ni cha kulinganishia. Tuvifukie vyote nyuma ya jiko, masika matatu. Hiki kikipona, tutamchongea mama msalaba wa mbao hizi."

"Marahaba. Kumbe mbao nazo siku hizi zinapikwa," alisema Fanueli.

Esteria alipoondoka, mzee akakitazama kile kigingi kisicho na dawa, akashindwa kuvumilia. Tangu ujana hajawahi kuingiza mti udongoni bila kuubabua mguu kwa moto ili mchwa wasiule, isipokuwa msalaba ule alioufanya katika msiba. Akaking'oa, akakibabua, akakirudisha, asimwambie binti yake.

Masika ya tatu yalipokwisha, Esteria akachimbua. Cha dawa kilitoka kizima. Cha pili kilikuwa unga mtupu, isipokuwa mguu, mweusi na mgumu.

"Baba, ulikichoma?"

"Nilikichoma."

"Umeniharibia jaribio."

"Nilikionea huruma. Nguzo zote za nyumba hii nilizibabua hivyo. Mimi nageuza, mama yako anapepea kwa ungo, moshi unatutoa machozi na bado tunacheka."

Mwezi uliofuata Esteria akaleta mbao za dawa. Fanueli akachonga msalaba, akachimba jina kwa patasi, kisha akawasha moto.

"Huu hauhitaji moto, baba. Hauliwi."

"Najua, mwanangu. Dawa yenu imenishinda, nimekubali." Akausogeza mguu wa msalaba kwenye ndimi za moto. "Ila kazi hii ni ya watu wawili."

Esteria akaingia jikoni, akatoka na ungo wa mama yake, akachuchumaa, akaanza kupepea.