Haki ya Kunung'unika

Fiorenza Parodi alikuwa na kanuni moja ya safari: siku ya kwanza lalamikia jambo dogo, siku ya pili jambo kubwa. Dogo linakufanya ujulikane, kubwa linakulipa. Kwa kanuni hiyo alikuwa amelala katika hoteli ambazo walimu wastaafu wenzake wa Genova walizijua kwa picha za kalenda tu.

Roccamora, juu ya kilima cha mizabibu huko Piemonte, ilikuwa hoteli ya namna hiyo. Chumba chao kilikuwa cha bei ya chini kuliko vyote, kwa kuwa kilikaa juu ya ghala la mvinyo na mavuno yalikuwa yameanza. Yeye na mumewe, Attilio, walikula mkate waliotoka nao nyumbani, juu ya gazeti ili chembe zisiwaumbue, na kahawa wakaichemsha kwa jiko dogo la umeme lililosafiri limeviringishwa ndani ya taulo.

Meneja, Bertolino, alikuwa mtu mwembamba wa miaka arobaini hivi. Siku ya kwanza Fiorenza alimpelekea mto mpaka mezani pake, akidai ni mgumu. Bertolino akacheka.

"Ninyi watu wa Genova! Mnalipa kidogo, mnanung'unika sana."

"Ni haki yetu, bwana," Attilio akamjibu. "Mabaharia wetu wa zamani walikubali mshahara pungufu ili waachiwe kunung'unika melini. Usitunyang'anye urithi."

Siku ya pili Fiorenza alileta jambo kubwa: feni ya ghalani imemnyima usingizi. Ni kweli feni hiyo ilivuma chini ya sakafu usiku na mchana. Si kweli kwamba aliisikia, maana hulala na nta masikioni kwa sababu ya mkoromo wa Attilio. Bertolino alijaza fomu, Fiorenza akatia sahihi. Feni ingezimwa mpaka wao waondoke. Juu ya hayo walipewa fidia: saa moja ya mtu mmoja kulowa katika maji ya moto na maganda ya zabibu, ndani ya chumba cha tiba kilichochongwa mwambani, chini zaidi ya ghala lenyewe. Fiorenza aliutazama mgongo wa mumewe, akampa yeye.

Asubuhi ya siku ya tatu, saa nne, Attilio alivaa joho jeupe la hoteli.

"Nikikawia, ujue nimegeuka mvinyo."

"Basi nitakuuza kwa chupa."

"Bei gani?"

"Utauzwa kwa punguzo, mzee. Nenda."

Ilipofika saa nne na dakika thelathini na tano, Fiorenza alishuka kuhakikisha kwamba saa waliyoahidiwa ni saa kamili, si dakika arobaini. Ngazi za kwenda chumba cha tiba zilikuwa ishirini, na kila ngazi ilikuwa na mshumaa wa mapambo. Mishumaa ya juu yote ilikuwa inawaka. Ya ngazi nne za chini ilikuwa imezimika. Alidhani hoteli inabana matumizi, akaona ni jambo la busara. Kisha akaona kwamba mishumaa iliyozimika ilikuwa bado mirefu, nta yake laini, na kwamba moshi wake ulikuwa umetanda sawasawa, kama shuka lililotandikwa hewani.

Alichukua mshumaa wa ngazi ya tano kutoka chini, akauteremsha taratibu. Mwali ulikatika kabla haujagusa ngazi ya nne, kama umebanwa kwa vidole. Akachukua mwingine. Nao vilevile. Pua ikamchoma.

Alizaliwa katika nyumba ya wakulima wa zabibu, milimani nyuma ya Genova. Zabibu zikianza kuchacha hutoa hewa nzito inayotuama chini, inayozima moto na kuua mtu; kwa hiyo baba yake hakuingia ghalani bila mshumaa mkononi, akiushika chini, usawa wa goti. Fiorenza alipokuwa na miaka minane, ami yake Gerolamo aliingia bila mshumaa. Ndugu mwingine wa baba akaingia kumtoa. Wa tatu, baba yake, alishikwa mshipi mlangoni na mkewe kwa mikono miwili. Kesho yake yalizikwa majeneza mawili, si matatu.

"Attilio!"

Mlango wa chini ulikuwa umefungwa. Kilichosikika ni muziki wa kupumzisha wageni. Fiorenza aligeuka, akapanda.

Bertolino alimwona kwa mbali, akaweka kalamu chini. "Haya, mama. Leo ni nini? Maji yamepoa?"

"Washa feni. Mishumaa ya ngazini inazimika."

"Nitamtuma mtu na kiberiti."

"Hewa ya mvinyo iliyokuwa ikitolewa na feni imejaa kule chini, na mume wangu yumo."

"Mama Parodi, mto nimebadilisha, feni nimezima. Sasa unataka iwashwe, ili kesho uilalamikie tena?" Akamsogezea kuponi ya chakula cha mchana cha watu wawili. "Chukua. Tuwe marafiki."

Siku nyingine yoyote kuponi ile ingekuwa tayari mkobani. Fiorenza aliitazama, akatambua kwamba kila neno alilokwisha kusema katika ofisi hii lilikuwa na bei, na kwamba bwana huyu alikuwa anangoja kusikia bei ya hili. Limebaki neno moja, lile ambalo mtafuta punguzo hawezi kulitamka.

"Feni sikuisikia hata mara moja. Naziba masikio kwa nta. Nilikudanganya ili mtupe kitu. Leta karatasi nitie sahihi kwamba nilidanganya, nitalipa bei kamili. Lakini iwashe."

Uso wa Bertolino ulishuka. "Mkuu wa ghala alinionya jana nisiizime," alisema polepole. "Nikamwambia mgeni kwanza." Alinyakua simu, akaamuru feni iwashwe na gari la wagonjwa liitwe, kisha akakimbia.

Fiorenza alimfikia kwenye ngazi ya tano kutoka chini, akamshika mshipi kwa mikono miwili.

"Niachie! Ni mumeo yule!"

"Ukishuka mtakuwa wawili."

"Anakufa, mama!"

"Simama."

Ukuta ulianza kutetemeka: feni imewaka. Fiorenza aliachia mkono mmoja, akachukua mshumaa, akauteremsha. Ukazimika. Akauwasha tena kwa ule wa juu yake. Baada ya dakika moja na nusu mwali ulisimama kwenye ngazi ya nne. Baada ya nyingine, ngazi ya tatu. Bertolino alikuwa analia bila kujificha.

"Una moyo gani, wewe?"

Fiorenza alikuwa anatazama saa.

Zilipita dakika sita kabla mwali haujasimama sakafuni. Bertolino aliuvunja mlango kwa bega. Wakamtoa Attilio majini, mzito, midomo ya buluu. Alikuwa anapumua.

Uani daktari wa gari la wagonjwa alimfunga kinyago cha oksijeni, akamuuliza Fiorenza mgonjwa alikaa mle muda gani. Alimpa dakika, moja moja, na daktari akaziandika. Rangi ilianza kurudi usoni mwa Attilio. Alifumbua macho, akautazama mkono wa mkewe uliokuwa juu ya mkono wake, kisha akamtazama mwenye mkono, kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Akasogeza kinyago.

"Asante sana, mama," alimwambia kwa adabu. "Wewe ni mwenyeji wa hapa?"

Kalamu ya daktari ikasimama.