Msumari wa Mama Shehata

Mama Shehata alikuwa anapakua maharage chini ya Lango la Mitwalli, kama kila asubuhi, mafundi wa ukarabati walipoanza kung'oa misumari kwenye mbao zake. Mtu yeyote wa Kairo ya zamani angewaambia waache. Jino likikutesa, unaling'oa, unalipigilia pale langoni, na maumivu yanabaki hukohuko. Ndivyo ilivyokuwa tangu mababu.

Kufika adhuhuri, mtaa mzima umeshika mashavu. Alasiri marehemu nao wakaja, kila mmoja na maumivu yake, wakapanga foleni kwa adabu. Wa mbele alikuwa bibi yake Ragab, mshona mahema mwenye kibanda pale langoni. Ragab akamaka:

"Bibi, wewe tena? Si tulikuzika kibogoyo?"

"Funga domo, mkosa haya we! Gego lile ni langu."

Msumari wa Mama Shehata haukuwa na jino. Ulikuwa na kishungi cha nywele za mwanawe, aliyechukuliwa na watu wenye gari lisilo na namba, akienda kununua mkate tu. Mama aliupigilia siku ileile, na tangu hapo hakuumia tena. Aliuza maharage, akacheka kwenye harusi za watu. Tulimsifu kwa subira. Subira gani! Ilikuwa ganzi.

Fundi alipomkabidhi ule msumari, Mama aliketi chini pu! Uso wa Shehata ukamrudia wote, hadi kovu la juu ya jicho. Akaacha sufuria motoni, akaenda kituo cha polisi.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Nani?"

"Shehata. Ana kovu hapa."

"Hatuna mtu huyo, mama. Nenda kapumzike."

Alirudi analia njia nzima. Akachukua nyundo kwenye kibanda cha Ragab.

"Usiupigilie, mama," Ragab akamwambia. "Ukisahau wewe, nani atamtafuta?"

"Basi mtafute wewe."

Ragab akainamia turubai lake, akaendelea kushona. Sisi wengine tukatazama viatu vyetu.

Mama akagonga mpaka msumari ukazama. Akajifuta uso, akaona kiganja kimelowa.

"Ragab, nilikuwa nalia nini?"

"Jino, Mama Shehata."

"Loo, pole yangu." Akafunua sufuria. "Ya chini yameungua, lakini yanalika. Leteni sahani."

Tukaleta sahani, wazima na marehemu, tukala.