Kiatu Chini ya Kiti

Bwana Rudzinski, mwenye nyumba, hakuamini kompyuta za kuchunguza wapangaji. Hela ya kompyuta alichukua, dola arobaini na tano kwa kila mtu mzima, hazirudi, lakini alichokiamini ni gari lako. Akishakuonyesha nyumba alikusindikiza mpaka nje, mkono begani kama mjomba, anaongea habari za theluji, kumbe macho yake yamo ndani ya gari. Gari chafu, nyumba utaichafua. Gari lenye mablanketi, huna pa kukaa, na asiye na pa kukaa hapangishwi. Watu wa hali yetu hapa Toledo wote wanalijua hilo.

Sasa sisi gari ndilo lilikuwa nyumba. Mimi na dada yangu Arvella tulilala humo wiki tisa, yeye kiti cha nyuma, mimi mbele na usukani tumboni, tukichukiana.

Arvella alikuwa na hati ya serikali ya kumsaidia kodi. Aliisubiri miaka minne. Ukishapewa, una siku mia na ishirini za kumpata mwenye nyumba atakayeitia sahihi. Zikipita, unarudi mkia wa foleni. Yake ilikuwa inakwisha Ijumaa saa kumi na moja jioni. Ninayosimulia ni ya Alhamisi.

Tulikuwa tumeshalipa ada mahali kumi na moja. Kumi walimkataa kwa sababu mwaka 2014 mwenye nyumba mmoja alimshtaki ili amtoe, hakimu akaitupa kesi maana kodi ilikuwa imelipwa. Hizo kompyuta zinaiona kesi, hakimu hazimwoni. Pa kumi na moja walikataa kwa sababu yangu. Tuliandika na jina langu, tukalipa mara mbili, barua ikarudi kwamba sionekani popote. Miaka thelathini nimechuma matufaha, nimefunga na kufungua mahema ya maonyesho, sijakaa mahali mpaka nikawa na anwani.

Arvella aliisoma barua ile mara mbili. "Una miaka sitini na sita, Leotis, na hata deni huna. Hata deni!"

Kwa hiyo safari hii, kwa Rudzinski, aliandika jina lake peke yake. "Kompyuta imesema hupo," aliniambia. "Basi usiwepo."

Asubuhi ile tulilipakua gari nyuma ya duka la kufulia nguo, haraka haraka, jua halijatoka vizuri. Mifuko saba myeusi, mito, jiko la umeme, sanduku la picha, cherehani ya mama. Arvella alinyunyiza magadi kwenye viti kuua harufu. Tulitaka kuiacha mizigo pale, lakini mwenye duka akatokea na ufagio.

"Ondoeni! Hapa si stoo ya waliofukuzwa!"

Nyonga yangu mbovu, mbali siwezi. Benchi pekee nililolifikia na mizigo ile lilikuwa la kituo cha basi, nalo linatazamana na nyumba ya Rudzinski, hatua arobaini.

"Usinitazame," Arvella alisema. "Usinipungie mkono. Ukikohoa nakuua."

"Uniue unizike wapi? Huna hata uwanja."

Akaondoka na gari, akaliegesha mbele ya nyumba, akalifunga. Ndipo niliposikia baridi kwenye mguu wa kushoto. Nilikuwa na soksi tu. Kiatu cha kulia kilikuwepo, buti la kahawia lenye kamba nyekundu. Cha kushoto kilibaki garini.

Ngazini walikuwa watu wanane, na nyumba ni moja, ghorofa ya kwanza. Aliyekuwa mbele ya Arvella, mwanamke wa nywele nyekundu za dukani, aliiona hati.

"Mama, huyu hachukui wa hati. Usijisumbue."

"Si ukurutu hii, haiambukizi. Sogea mbele."

Sauti ya Arvella inavuka barabara yoyote. Mimi nilikuwa nahesabu madirisha nisimtazame, huku mguu nimeuficha nyuma ya mfuko.

Rudzinski alitoka, mfupi, kofia ya pamba, mfuko wa shati umejaa ada za watu. Aliwaingiza mmoja mmoja, akawatoa mmoja mmoja mpaka kwenye magari yao. Mwanamume mwenye kiti cha mtoto kilichojaa makombo aliambiwa, "Nitakupigia." Yule wa nywele nyekundu, ambaye kioo cha gari lake kilikuwa kimezibwa kwa karatasi ya gundi, naye akaambiwa, "Nitakupigia." Kila mtu ngazini alijua maana yake. Hakuna aliyeondoka, maana ada zilikuwa mfukoni mwa Rudzinski.

Kisha zamu ya Arvella. Ndani walikaa muda mrefu kuliko wengine. Walipotoka, Rudzinski alifungua mlango wa gari mwenyewe, bila kuomba, akanusa.

"Safi. Unaishi kama mtawa."

"Nimelelewa hivyo."

Akainama kutazama mazulia. Mkono ukaingia chini ya kiti cha mbele, ukatoka na buti langu. Akalishika kamba, likaning'inia kati yao.

"Umeandika unaishi peke yako."

"Naishi peke yangu."

"Na huu mguu?"

Rudzinski akageuka kuangalia barabara, juu, chini, kisha benchini. Aliniona mimi na mifuko yangu. Nilikuwa nimeuficha mguu wa soksi. Huu mwingine, wenye kamba nyekundu, nilikuwa nimeusahau palepale mbele.

Dada yangu alimpokonya kile kiatu, akavuka bila kutazama magari. Uso ule niliuona mara moja tu kabla, siku nilipofika msibani kwa mama, wakati mama ameshazikwa siku mbili.

"Kumbe ni wewe! Wewe ndiye uliyelala garini mwangu!" Kiatu kikanipiga kifuani. "Mwizi! Mchafu mkubwa! Maisha yako yote kulala kwenye vya wenzako, kula vya wenzako, na kazi zikianza huonekani!"

Maneno ya mwanzo alikuwa anamdanganya Rudzinski. Ya mwisho alikuwa ananiambia mimi kweli.

Rudzinski alifika akihema, simu mkononi. "Unamjua huyu?"

"Nitamjulia wapi mtu kama huyu?"

Neno moja lilikuwa linanitosha. Ningemwita jina lake la utotoni tu, Ijumaa ingepita, na gari lingekuwa letu sote tena. Sitasema sikulifikiria. Nililifikiria vizuri sana.

"Mlango ulikuwa wazi," nikasema. "Na gari lenyewe halilaliki. Linanuka magadi."

"Nani alikuita humo?" Arvella akauliza.

"Baridi. Na roho yako mbaya ningeijua, ningelala mtaroni."

"Niwaite polisi?" Rudzinski aliuliza.

Arvella alichelewa kujibu. Kwangu mimi alichelewa sana.

"Watatupotezea siku," alisema. "Saa nane naingia kazini. Aondoke tu."

"Inua kichwa, mzee," Rudzinski akasema, akanipiga picha, moja ya mbele, moja ya ubavu. "Nikikuona tena mtaa huu, ni jela. Na takataka zako zote uondoke nazo, usiniachie hata moja!"

Nikaanza kuzikokota. Mifuko miwili, narudi, miwili tena. Yeye amesimama anasimamia. Arvella aliitazama cherehani ya mama ikikwaruza lami.

"Wewe unajua kufukuza," nilimsikia Rudzinski akimwambia. "Hapo chini kwangu kuna wanaonywea pombe ngazini, wananishinda. Iko wapi hati? Mimi napenda hati. Serikali hailewi mwisho wa mwezi."

Akaitia sahihi juu ya paa la gari. Halafu akawageukia wa ngazini, akasema nyumba imekwenda. Yule wa nywele nyekundu akadai ada yake, maana hata jina lake halijaingizwa popote.

"Kompyuta inalipwa hata ikilala," Rudzinski akamjibu, akafunga mlango.

Jumapili Arvella alinikuta kwenye duka la kufulia. Alichukua mifuko yake sita na cherehani. Mmoja aliuacha, ulikuwa wangu. Kisha akaweka funguo za gari juu ya mashine, kati yetu.

"Mafuta yapo nusu," alisema. "Kiti cha nyuma sasa ni chako."

"Ulichelewa kumjibu, Arvella. Habari ya polisi."

"Nilichelewa. Na wewe kwa mama ulichelewa."

Nikachukua funguo.

Kwake sijafika mpaka leo. Rudzinski alizichapa zile picha mbili, akazibandika mlango mkubwa kwa ndani, na maneno: HUYU ASIRUHUSIWE. Arvella hupita mbele yangu, mimi wa pichani, kila siku akienda kazini. Wiki iliyopita alinipigia simu, nikamuuliza kama wamezibandua.

"Bado," alisema. "Ile ya ubavu umenuna kama kawaida yako."