Krili wa Kisima cha Ntalikwa

Jumanne saa mbili asubuhi Consolatha alichota maji kwenye kisima chake huko Ntalikwa, akayachuja kwa kanga kuukuu kama mama yake alivyomfundisha. Juu ya kanga wakabaki krili kumi na wanne, wekundu, wenye miguu mingi kama kamba wa baharini, kila mmoja urefu wa kidole. Bahari iko mbali na Tabora, lakini hakuna aliyewauliza nauli. Maji hayakuwa na chumvi. Akawarudisha kisimani, akabandika uji.

Kaya ishirini zilikitegemea kisima hicho. Wiki iliyofuata akaja Bwana Eustace, mtaalamu wa maji, viatu vinang'aa, mkononi ana fomu iliyokwisha kupigwa mhuri.

"Shikamoo, mama. Tumeambiwa kisima kina planktoni."

"Marahaba. Hao ni krili, mwanangu. Planktoni ndiyo chakula chao, ndiyo maana maji yangu ni safi."

Akamwonyesha. Alichota maji ya dimbwini, yenye planktoni, akayatia kwenye beseni: ukijani tu, vijimea na vijidudu vya kupita kwenye kanga. Akayakoroga kwa mwiko. Ukijani ukazunguka na maji. Akatia krili mmoja. Krili akaogelea kinyume cha mzunguko, huku anakula. Hata mtoto wa chekechea angeona tofauti.

"Fomu haina nafasi ya krili," alisema Eustace.

Mkubwa wake alikuwa amesema planktoni, naye akaenda na maji. Msomi mzima! Akaandika: planktoni kumi na nne kwa ndoo, kila moja urefu wa kidole, uchafu wa kutisha, kisima kifungwe. Sikio la kufa halisikii dawa. Ijumaa kikamwagiwa mfuniko wa zege.

Chini ya zege krili wakazaana, na nyangumi, mla krili, akawafuata. Kila siku saa nne asubuhi aliinua mfuniko, akapumua kwa kurusha maji juu, akaurudisha taratibu. Majirani walijifunza kuanua nguo mapema.

Eustace alirudi kukagua, akalowa mpaka soksi. Akakung'uta fomu, akaandika: planktoni moja, kubwa mno. Akaagiza zege la pili.

Consolatha alimpa ile kanga ajifute, maana mgeni ni mgeni, na kanga haikuwa tena na kazi. Kisha akajitwika ndoo, akashika njia ya kwenda Mtendeni kutafuta maji.