Bosco Akinywa Maji

"Mbwa wa kichaa anaogopa maji," Susu alisema. Susu ni mama mkwe wangu, na asubuhi ile alikuwa amempakata binti yangu Mutheu, kiganja cha mtoto kimefungwa kwa kipande cha leso yangu. "Mpelekeni bwawani. Akikunywa, hana kitu. Hata marehemu mzee wangu alikuwa anapima hivyo."

Jioni iliyotangulia, mbwa wetu Bosco alikuwa amemng'ata Mutheu. Bosco, ambaye hakuwahi kung'ata hata kuku. Nilikiosha kidonda kwa sabuni na maji mengi hadi mtoto akachoka kulia, nikamwambia mume wangu Kimanzi twende hospitali. Alikataa. Alijua tutaulizwa mbwa yuko wapi, na baada ya hapo watu wa mifugo wangemfuata kumuua. Bosco ndiye anayekaa mbele kwenye kayaki zetu, mitumbwi myembamba tunayowakodishia wageni. Wageni wanaopanda huku milimani wikendi hawaulizi kama maji ni safi. Wanauliza, "Yule mbwa wa kwenye picha yuko?"

"Mutheu alimnyang'anya mfupa," Kimanzi akasema. "Hata mimi ukininyang'anya nyama, nitakuuma."

"Na lile sikio?" nikamuuliza.

Kimanzi na Bosco walipoenda mji wa Mwala kununua mbuzi, Bosco alirudi na sikio lililoraruliwa na mbwa asiyejulikana ni wa nani. Lilikuwa limepona, sote tukalisahau.

"Asipokunywa, tunaenda hospitali leo leo," Kimanzi akasema mwishowe. "Akikunywa, hiyo maneno iishe. Sawa, Mama Mutheu?"

"Sawa. Lakini na mimi naingia kwa hiyo kayaki. Nataka kuona na macho yangu."

Sijui kwa nini Mungu aliichagua siku ile kulituliza bwawa namna ile. Ukungu ulikuwa unapanda polepole kutoka majini, na mikaratusi ya ng'ambo ilisimama kichwa chini ndani ya maji bila hata jani kutikisika. Bata wawili walitupisha njia bila haraka. Bosco aliruka mbele ya kayaki kama kawaida yake, akakaa, akaelekeza pua mbele. Mimi nilikaa katikati, fimbo mapajani. Kimanzi alikuwa nyuma yangu akipiga kasia na kuimba kwa mluzi wimbo wa kanisani. Kule ukingoni Mutheu alitupungia ule mkono wenye leso.

Ungetuona, ungesema ni watu waliobarikiwa.

Tulipofika katikati Kimanzi akaliweka kasia. Kayaki ikateleza yenyewe, kisha ikasimama. Bosco akainama, akatia mdomo majini. Lap, lap, lap.

"Kunywa, mzee. Kunywa yote," Kimanzi akamwambia, na nikasikia kicheko kikimtoka kama mtu aliyetua gunia. "Si unaona? Leo utaniomba msamaha mimi, halafu umwombe na Bosco."

Nilitaka sana kumwomba msamaha. Machozi yalikuwa tayari machoni. Nilikuwa nimeomba usiku kucha anywe, na sasa huyu hapa anakunywa.

Lakini Mutheu alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kama kifaranga, na muuguzi mmoja alinifundisha jambo ambalo halijanitoka. Usitazame mdomo, alisema. Mdomo unaweza kunyonya na maziwa yasiende popote. Tazama koo.

Nikatazama koo la Bosco.

Ulimi ulikuwa unakwenda. Koo halikusogea. Maji yaliingia upande huu wa mdomo na kutoka upande ule, yakichuruzika mazito kama uji, na taya lilikuwa limelegea. Alikuwa na kiu mbwa wa watu, anateka na kuteka, na hakuna tone lililoshuka.

"Baba Mutheu," nikasema. "Angalia koo. Wachana na mdomo."

Mluzi ulikuwa umeanza tena. Ukakatika.

"Bosco," akamwita, taratibu.

Bosco akageuka. Alijaribu kubweka, ikatoka sauti ya mzee anayesafisha koo. Kisha akatikisa mkia.

Kimanzi aligeuza kayaki. Sijawahi kumwona akipiga kasia vile, na njia nzima fimbo yangu ilikuwa kati yangu na yule mbwa tuliyemlea tangu akiwa hajafungua macho.

"Amekunywa?" Susu akauliza tukiwa bado majini.

"Mwaitu, mwingize mtoto ndani," Kimanzi akamjibu mama yake. "Ufunge mlango."

Alimfungia Bosco kwenye kibanda cha makasia. Kwa mazoea tu, akamwachia bakuli la maji. Watu wa mifugo aliwapigia simu yeye mwenyewe, kisha akasimamisha bodaboda.

Hospitalini Mutheu alilia alipodungwa, akalia zaidi alipodungwa kuzunguka kidonda. Muuguzi alituambia hatujachelewa, ila tusikose sindano zilizobaki hata moja. Akauliza nani mwingine amemshika mbwa mdomoni. Kimanzi akafungua viganja vyake. Kasia lilikuwa limevichuna, na ni kwa mikono hiyo alikuwa akimlisha Bosco. Naye akakunja mkono wa shati, adungwe.

"Bosco amekunywa maji?" Mutheu akaniuliza tukiwa kwenye benchi.

"Amejaribu, mama."

"Na mimi nataka."

Nikamletea kikombe. Baba yake aliinama upande mmoja, mimi upande mwingine, tukalitazama lile koo dogo. Likapanda. Likashuka.

"Kunywa tena," Kimanzi akasema, na mtoto akanywa.